Mwalimu Levina na Moshi wa Angani

Juni nzima hapa kwetu Gongoni mama anafuta vumbi mara tatu kwa siku. Asubuhi kabla ya chai, mchana akishaswali adhuhuri, na alasiri kabla ya kuwasha jiko. Ni vumbi laini kama poda. Linapita chini ya mlango, linapenya kwenye nyavu za dirisha, na ukiinua kikombe mezani unakuta limekiandikia duara lake. Mama hapigani nalo kwa hasira. Analifuta taratibu huku akiimba kwa sauti ya ndani, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani naye anafuta vumbi. Ila lake halipo mezani, lipo katikati ya nyota.

Anaitwa Levina Zablon. Shuleni ananifundisha fizikia, kwa hiyo nikivuka tu geti la shule namwita Madamu, na nikirudi nyumbani namwita dada Levina. Siku moja nilichanganya. Nikanyoosha mkono mbele ya kidato cha tatu kizima nikasema, "Samahani, dada." Mpaka leo wananiita mdogo wake Madamu, wengine hata jina langu Mwanahawa wameshalisahau.

Majirani wanajua mambo matatu juu yake: hajaolewa, Jumapili anakwenda kusali kwa Wamoraviani, na chai yake haitii sukari, anatia asali. Jambo la nne hawalijui, na mimi nisingelijua kama si kupenda kuchungulia. Akitoka shule anavua viatu, anakalia kigoda chini ya kamba ya kuanikia nguo, anaweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki, halafu anaangalia anga. Haangalii juu, anaangalia ndani ya kompyuta. Kanga za mama zinapepea juu ya kichwa chake, na vivuli vyake vinampita usoni kama mawingu.

"Unaangalia nini, dada?"

"Anga."

"Saa kumi hii, jua lote hili?"

"Huu mwanga ninaoutafuta haujali jua. Nyoosha kiganja."

Nikanyoosha.

"Basi sasa hivi unatua hapo. Ulianza safari kabla hakujawa na jua, wala dunia, wala nyota hata moja."

Nilikitazama kiganja changu. Kilikuwa na wino na punje moja ya wali. Lakini nilikiacha wazi kwa muda mrefu, na naapa nilisikia kitu kama ubaridi.

Alinieleza hivi. Mwanzoni kabisa ulimwengu wote ulikuwa ukungu unaowaka. Mwanga ulikuwamo ndani yake, lakini ulikuwa unagonganagongana humohumo, haupati pa kutokea. Ulimwengu ukapanuka, ukapoa. Ilipotimia kama miaka laki tatu na themanini elfu, ukungu ukatakata na mwanga ukaachiwa. Tangu siku hiyo unasafiri, karibu miaka bilioni kumi na nne sasa. Njiani umepoa mno hata macho hayauoni tena, umebaki mawimbi ya redio mafupimafupi. Unatoka kila upande. Unatunyeshea mchana na usiku, juu ya mabati yetu, juu ya reli, juu ya mashamba ya tumbaku, na hakuna anayeloa.

"Sasa kama unatunyeshea, si uupime tu? Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba tupo ndani ya galaksi yetu, na galaksi nayo inatoa moshi."

Ndivyo anavyoita, moshi. Kuna vumbi kati ya nyota, lina uvuguvugu na linang'aa kwa namna yake. Kuna chembe za umeme zinazozunguka kwenye sumaku ya galaksi, nazo zinang'aa kwa namna yake. Vyote hivyo vipo mbele, na mwanga wa kale upo nyuma yake, mbali kuliko vyote. Ukitazama, unaviona vimechanganyika kitu kimoja.

Ila kuna ujanja. Chombo kilichokuwa angani kimepima anga ileile kwa masafa tisa tofauti ya mawimbi, na ramani zote tisa zimewekwa kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuzichukua. Moshi mmoja unazidi kwenye masafa ya chini, mwingine unazidi kwenye masafa ya juu. Mwanga wa kale uko vilevile kwenye ramani zote tisa. Nilifikiri sana, nikamwambia:

"Ni kama watu tisa wakikusimulia harusi moja. Kila mtu anatia chumvi yake. Lile wanalolisema wote sawasawa, ndilo lililotokea."

Alinitazama juu ya miwani. "Mwanahawa, hiyo nitaiiba nikafundishie."

Kazi hiyo ndiyo tasnifu yake ya shahada ya pili. Anasoma kwa mtandao, na chuo chenyewe kipo mbali sana kusini mwa Afrika. Mchana anatufundisha sisi vipimo vya joto, alasiri anachuja ulimwengu.

Nilitaka kujua mtu anaanzaje kutaka kitu kama hicho. Alinisimulia kidogokidogo, siku tofauti, mara nyingi akiwa anachambua mchele.

Amezaliwa kijiji kimoja cha ndani huko Sikonge, baba yake mfugaji wa nyuki. Tangu mdogo alikuwa akifuatana na baba yake kwenye kambi za asali, wiki mbili tatu porini kwenye miombo, wanalala kwenye vibanda vya majani na kurudi na ndoo zimefungwa nyuma ya baiskeli. Kazi yake ilikuwa kushika mwenge wa magome unaofuka, ili nyuki wapoe baba yake akifungua mzinga. Moshi uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye daftari. Alipokwenda sekondari ya bweni wenzake walimpa jina Jiko. "Jiko amekuja, fungueni madirisha!" Akawa anaosha nywele kwa sabuni ya mche kila siku ya Mungu. Mpaka leo mama akipuliza mkaa, dada Levina anashika nywele zake bila kujijua na kuingia ndani.

Alipomaliza chuo alipangiwa kufundisha Kaliua. Alipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa na televisheni ya zamani, yenye mgongo mkubwa. Ule ndio wakati nchi ilikuwa inahamia dijitali. Mama huyo hakuwa na king'amuzi, basi televisheni yake ikabaki na chenga tu. Aliiwasha hivyohivyo, kwa mazoea, chumba kisiwe kimya. Na dada Levina alikuwa amesoma mahali fulani kwamba katika kila chenga mia, moja hivi inatoka kwenye mwanga wa kwanza wa ulimwengu. Akawa anakaa mbele ya ile televisheni, chai mkononi, anatazama chenga. Treni ya Mpanda inaachana na ya Kigoma pale stesheni, inapiga honi, kioo cha dirisha kinatetemeka, yeye anatazama chenga.

"Mama mwenye nyumba alimwita mchungaji aje aniombee," aliniambia. "Mchungaji akaja, nikamweleza, akakaa na yeye tukatazama wote. Alipoondoka akasema, mwacheni, hana kitu."

Nikilala chali kwenye mkeka mchana, namwona yupo kwenye kile chumba cha Kaliua. Nje watu wanapakia magunia ya mahindi, ndani mwanzo wa ulimwengu unachezacheza kwenye kioo na mtu mmoja tu ndiye anayejua.

Mwezi wa tano alinionyesha ramani yake. Ina umbo la yai lililolala, madoa ya bluu na ya chungwa tele, kama kitenge ambacho fundi hakutaka kurudia ua moja mara mbili. Bluu ni sehemu zilizokuwa na ubaridi kidogo, chungwa zilizokuwa na joto kidogo. Katikati ya yai alikuwa amekata utepe mwembamba, mahali ambapo galaksi yetu inang'aa mno haichujiki.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kutoka karibu na ule utepe, upinde mmoja hafifu ulipanda hadi karibu na kilele cha yai. Ulikuwa mwembamba, umejikunja taratibu, kama njia iliyokanyagwa na miguu mingi.

"Hii nini?"

Alisogeza uso karibu na kioo. "Ndiyo nauliza na mimi."

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia kwamba babu yake alipita njia ya misafara kutoka Ujiji mpaka Kwihara na mzigo begani, na ukisimama juu ya kilima ungeona njia yenyewe inakwenda imejipinda katikati ya pori, nyeupe kwa vumbi la nyayo. Nikasema ule upinde uitwe Njia ya Misafara. Dada Levina alicheka, lakini nilimwona akiandika jina hilohilo kwenye faili.

Tangu siku hiyo nilikuwa naliwaza hilo tu. Njia iliyochorwa kwenye ulimwengu kabla hakujawa na mguu! Nikitembea kwenda dukani nilikuwa natembea juu yake. Na yeye pia aliipenda, ingawa hakusema. Aliiangalia kwanza kila alipofungua kompyuta, kama unavyomwangalia mtoto kama bado amelala.

Msimamizi wake wa chuoni hakuipenda wala kuichukia. Alimwandikia wazi: kama huo upinde ni wa kweli, ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na lazima alithibitishe. Kama ni uchafu uliobaki, tasnifu yenye uchafu haipiti. Alishaongezewa muda mara moja, hapati tena. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Juni. Ikipita Ijumaa hiyo, miaka yake minne ya kukaa chini ya kamba ya nguo imekwenda bure.

Akarudia hesabu. Akarudia tena. "Moshi nimeondoa wote, Mwanahawa," aliniambia Alhamisi moja, siku nane zimebaki. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nimeondoa wote, na bado ipo."

Mimi nilirukaruka uani mpaka mama akatoka na ufagio kuuliza kuna nyoka.

Jumamosi yake akaja baba yake.

Mzee Zablon ni mfupi, ana suti ya kanisani na viatu vya mpira, na alishuka kwenye bajaji na ndoo tano za asali. Nikampokea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa ndipo anapokaa yule anayefagia angani?"

"Ndipo hapa."

"Amemaliza kufagia, au bado?"

Mama akatoka. "Karibu mzee, pole na safari."

"Safari si neno, mama. Neno ni ulimi wa yule mnunuzi wa hapa mjini. Nimemletea ndoo tano, zote amezirudisha kwa neno moja tu, moshi! Ana ulimi kama kisigino."

Hakutaka hata chai. Alivua koti, akatandika gunia uani, akapanga ndoo zake mstari mmoja, akaomba kijiko, maji ya uvuguvugu na ugali uliobaki. Mtoto wa dada yake, Eliya, ndiye aliyevuna mwaka huu kwa sababu mzee magoti yanamsumbua, na sasa alitaka kujua Eliya amefanya nini. Dada Levina alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kompyuta yake. Alimsalimia baba yake, akampa mto, akarudi kwenye upinde wake.

Mzee alichota, akafumba macho. Kanga zilipepea. Nilimwona kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana.

"Moshi wa magome ya myombo," alisema. "Huu hauna neno. Ukiiacha wazi kwenye upepo siku mbili, unaondoka wenyewe."

Akatafuna ugali, akanywa maji, akachota ndoo ya pili. Uso ukakunjamana. "Majani mabichi. Eliya! Nilimwambia asitie majani mabichi. Huu hautoki kwa upepo, hii mpaka ichujwe na nta yake."

Ndoo ya tatu alinipa mimi kwanza. "Onja."

Nikaonja. Ilikuwa tamu, halafu ikawa na kitu kingine nyuma.

"Umesikia nini?"

"Moshi, babu."

"Moshi wa nini?"

"Moshi tu."

"Samadi ya ng'ombe," akasema, na nilivyotema alicheka hadi akashika mbavu. "Mtoto wa mjini, umeshalimeza zizi zima!"

Ya nne ilikuwa magome tena, ila yaliyonyeshewa. Ya tano ilipogusa ulimi wake akachota tena. "Hii haina kitu. Hii ni maua ya mti wa muba peke yake. Mnaona? Na muba yupo kwenye ndoo zote tano, ni yuleyule. Amefunikwa tu, na kila mahali amefunikwa na kitu chake."

Dada Levina hakuinua hata kichwa. "Baba, unajisumbua. Si uzianike zote pamoja siku mbili, basi? Moshi ni moshi."

Mzee aliweka kijiko chini. Alimgeukia polepole.

"Levina."

"Naam, baba."

"Umekulia kwenye moshi. Umesoma hadi macho yamevaa miwani. Leo unaniambia mimi moshi ni moshi?"

Dada Levina alicheka, akachovya kidole kwenye ndoo ya samadi ili kumpendeza. Akakitia mdomoni. Halafu akakaa hivyohivyo, kidole mdomoni, asali inamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kicheko kikafutika.

"Nimefanya hivyohivyo," alisema.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nimeiambia kompyuta kwamba moshi ni mmoja kwa anga nzima. Vumbi la namna moja, chembe za namna moja, kuanzia huku hadi kule. Nimechuja ndoo zote kwa chujio moja." Alikuwa anaongea kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Mahali ambapo moshi ni wa namna nyingine, utakuwa umebaki. Mwanahawa, utakuwa umebaki."

Mzee Zablon akatikisa kichwa. "Sasa wewe nani alikutuma uende angani na mwenge mmoja?"

Dada Levina alikata anga vipande mia moja na tisini na viwili, kila kipande akakiruhusu kiwe na moshi wake. Kompyuta ilianza kazi Jumamosi hiyohiyo jioni na haikusimama. Feni yake ilivuma siku tatu. Mzee, aliyekuwa ameshaichuja ile ya majani mabichi na sasa anasubiri nyingine zipate upepo, alivuta gunia lake akakaa karibu nayo, akaitegea sikio. "Nyuki wako wamekasirika," alimwambia binti yake. Mama akaja akaifuta vumbi, kwa uangalifu, na kitambaa kile cha vikombe.

Na mimi, nitasema ukweli, niliomba hesabu ikosewe. Niliomba kila nilipoipita. Niliomba Njia ya Misafara ibaki.

Jumanne saa tisa alasiri feni ikanyamaza. Tulikuwa watatu, dada Levina, mzee na mimi. Ramani ilijichora polepole kutoka juu, kama pazia linaloshushwa. Bluu, chungwa, bluu. Nilitafuta upinde. Nikatafuta pale ulipokuwa unapanda, pale ulipokuwa unajikunja. Palikuwa na madoa tu, madogo na makubwa, yametulia kama hapajawahi kupita mtu.

"Umekwenda wapi?"

Akafungua faili lingine, lile la moshi wenyewe, ambalo siku zote tulikuwa tunalitupa. Ulikuwapo humo. Tena haukuwa hafifu. Ulikuwa mzima, mpana, umezunguka karibu robo ya yai.

"Ni ganda la nyota iliyolipuka," alisema. "Zamani, lakini zamani ya hapa karibu. Bado linapanuka." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi.

"Dada, si utume ile ya kwanza? Andika tu umethibitisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Halafu akamtazama baba yake, aliyekuwa amelala fofofo juu ya gunia, kijiko mkononi. "Na huyu angeionja."

Jumatano yote aliandika. Aliandika alichokosea, kuanzia mwanzo, na kwa nini. Alhamisi akatuma. Ijumaa adhana ya adhuhuri ikiwa inamalizika simu yake ikalia, akasoma, akanipa nisome mwenyewe. Msimamizi alikuwa ameandika mstari mmoja tu: ramani ni safi, tasnifu imepokelewa, hongera. Dada Levina aliingia jikoni kwa mama, mkaa ukiwa unafuka moshi mzito, akakaa humo kwenye kigoda muda mrefu bila kushika nywele.

Mzee Zablon aliondoka Jumamosi. Mnunuzi alionja tena, safari hii akachukua ndoo nne. Ya samadi mzee alirudi nayo, akasema ataiweka mlangoni kwa Eliya aione kila anapotoka.

Kabla hajaondoka, dada Levina alikwenda steshenari akachapisha picha mbili za rangi. Ya ramani safi akampa baba yake. Mzee aliishika mbali na macho, akaigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo asali yenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na moshi umeutupa wapi?"

"Moshi nimempa Mwanahawa."

Nimeubandika ukutani juu ya kitanda changu. Nikijilaza mchana naufuata ule upinde kwa kidole, kutoka chini hadi juu, na siku nyingine nasinzia kabla sijafika. Mama akiingia na kitambaa chake anaufuta taratibu huku akiimba.

"Hivi hii picha ni ya nini?" aliniuliza jana.

"Moshi, mama."

"Moshi wa nini?"

"Wa nyota."

Alisimama akautazama. Akakung'uta kitambaa dirishani, akaufuta mara ya pili, polepole zaidi, mpaka kwenye pembe.